Caruso kwa Giddey: tredi ya mtu kwa mtu iliyokamilisha kikosi cha Thunder

Ukitaka kujua soko la NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, linavyowapima wakabaji wa nje, chukua tu siku chache za Juni 2024. Oklahoma City Thunder wakampeleka Josh Giddey Chicago, Bulls wakamtoa Alex Caruso, mtu kwa mtu, basi. Hakuna piki ya drafti (haki ya kuchagua mchezaji chipukizi) iliyotoka upande wowote. Hata wiki haijaisha New York Knicks wakatoa piki 5 za raundi ya kwanza kumchukua Mikal Bridges toka Brooklyn. Sawa, Bridges ni mdogo kidogo kiumri, anafunga zaidi na hakosi mechi, ila kazi iliyowapa majina hawa wawili ni ileile, kusimama mbele ya mtu mwenye mpira na kumharibia siku. Mmoja kaenda kwa piki 5, mwingine kaenda kwa kijana ambaye timu yake ilikuwa imemtoa kwenye kikosi cha kwanza mwezi mmoja nyuma.

Mwaka mmoja baadae Thunder ni mabingwa. Watu wengi wakiielezea ile tredi wanasema Sam Presti, meneja mkuu wa Thunder, kawaibia Bulls, mimi naona maelezo hayo ni ya haraka mno, maana yanachukulia Caruso ana bei yake moja iliyoandikwa mgongoni na Bulls wakashindwa kuisoma. Kisa chenyewe kina utamu zaidi ya hapo. Mchezaji yuleyule, mwili uleule, kwa Chicago alikuwa na thamani ndogo kwelikweli na kwa Oklahoma City akawa na thamani kubwa, na hesabu zote mbili ziko sahihi.

Tuanze na tatizo la Thunder lenyewe.

Msimu wa 2023-24 walimaliza 57-25 (kushinda 57, kufungwa 25), namba 1 kanda ya Magharibi, kikosi cha watoto watupu. Raundi ya kwanza wakawafagia New Orleans 4-0. Raundi ya pili wakakutana na Dallas, na hapo ndo Giddey akageuka kuwa swali lisilo na jibu. Dallas walifanya kitu rahisi sana, walimpa senta wao jukumu la kumkaba Giddey, halafu senta mwenyewe wala hakumkaba, alikaa zake chini ya kikapu. Giddey msimu ule alipiga pointi tatu kwa asilimia 33.7, sio aibu, lakini hakuna aliyemwogopa, na kwenye plei-ofu, hatua ya mtoano, kinachohesabika ni kuogopwa. Kwa hiyo kila Shai Gilgeous-Alexander, nyota wa Thunder, akimpita mtu wake anamkuta jitu refu linamsubiri, njia imefungwa. Upande wa pili mambo yaleyale kwa kugeuza, Giddey ni mrefu lakini miguu yake ya pembeni sio mepesi, ukimwitia skrini (mwenzako asimame amzibie njia) unapata upenyo.

Mechi ya 5 kocha Mark Daigneault akamuweka benchi, akamuanzisha Isaiah Joe. Mechi ya 6 ikaisha 117-116 kwa Dallas, P.J. Washington kafanyiwa faulo akirusha pointi tatu sekunde za mwisho kabisa, kapiga mitupo ya adhabu, safari imekwisha. Ukisoma matokeo tu utasema walikosa bahati. Ukiangalia mechi zenyewe unaona timu iliyokuwa na watu wazuri wanne na nafasi moja ambayo mpinzani alikuwa anaichezea atakavyo.

Hili ndo jambo ambalo nadhani watu wanaojenga vikosi kwa kuangalia wastani wa pointi wanalikosa. Msimu wa kawaida unapima uzuri wako. Plei-ofu inapima ubovu wako. Timu inacheza na wewe mara 6 au 7 mfululizo, makocha wana siku za kuangalia video, na kazi yao yote ni kumtafuta mtu mmoja kati ya watano wako ambaye hawezi kukaba au haogopwi kurusha, wakimpata wanamchokonoa mpaka umtoe. Ukimtoa umepoteza na vile vizuri vyake vyote, pasi zake, ribaundi zake, kila kitu.

Sasa Caruso ni nani. Hakuchaguliwa kwenye drafti ya 2016 alipotoka Texas A&M. Msimu wake wa kwanza alicheza Oklahoma City Blue, timu ya ligi ndogo ya haohao Thunder, kwa hiyo walikuwa naye mkononi zamani wakamwacha aende, hii sehemu huwa inanichekesha. Lakers wakamchukua 2017, akapanda taratibu, mwaka 2020 Lakers walipobeba ubingwa yeye alianza mechi ya 6 ya fainali, mechi ya kumalizia. Kiangazi cha 2021 Lakers hawakutaka kulipa, Chicago wakampa mkataba wa miaka 4 wa kama dola milioni 37. Akiwa Bulls akaingia kikosi cha kwanza cha difensi cha ligi 2023, orodha ya wakabaji bora wa msimu, na kikosi cha pili 2024.

Na hapa ndipo namba mbili zinazonikaa kichwani kila nikifikiria hii tredi. Bulls msimu wa 2023-24, wakiwa na Caruso, 39-43. Bulls msimu wa 2024-25, bila Caruso, 39-43. Vilevile kabisa. Wametoa mkabaji bora wa nje kwenye ligi, rekodi haikutikisika hata mechi moja, ingawa ni kweli kikosi kilibadilika na sehemu nyingine, DeMar DeRozan kaondoka kiangazi kilekile na Zach LaVine kaondoka katikati ya msimu. Mtu akikwambia mkabaji wa nje hana uzito kwenye ushindi atakuonyesha hizo rekodi mbili na utakosa la kumjibu, usipojua kazi yenyewe inafanyikaje.

Inafanyika hivi. Mkabaji mmoja wa nje, hata awe hatari namna gani, anakwepeka. Huyu sio senta anayelinda kikapu, senta mpira lazima umfuate kule kule alipo maana kikapu hakihami. Mkabaji wa nje mpinzani ana uwezo wa kumhamisha. Unamchukua mchezaji mwenzako anayekabwa na yule mbovu, unamleta aje apige skrini kwa mwenye mpira, wale wakabaji wawili wanalazimika kubadilishana watu, ghafla Caruso anamkaba mtu asiye na mpira na nyota wako ana mtu laini mbele yake. Wasipobadilishana, basi Caruso anapambana kupita juu ya skrini, anapita kweli, ila kwa ile nusu sekunde mwenye mpira keshaingia ndani na anayemkuta pale ni Nikola Vucevic, senta wa Bulls wakati ule, fundi wa kufunga lakini kuzuia mtu anayekuja mbio chini ya kikapu haijawahi kuwa kazi yake. Na tangu ligi ilipokaza sheria ya kugusa kwa mikono msimu wa 2004-05, kumsimamisha mtu mmoja mwenye kasi peke yako nje kule ni karibu haiwezekani, unachoweza ni kumchelewesha na kumsukumia sehemu mbaya. Sasa kama hiyo sehemu mbaya hakuna mtu, umemsukumia wapi?

Ushahidi wa hili ulikuwepo hukohuko Chicago, watu wamesahau tu. Mwanzo wa msimu wa 2021-22 Bulls walikuwa na Caruso na Lonzo Ball pamoja, wakabaji wawili wa nje wenye akili ya kunusa pasi, na timu ilikuwa kileleni Mashariki. Januari 2022 goti la Lonzo likaharibika, mwezi huohuo Caruso akavunjika mkono kwa faulo mbaya ya hewani mechi ya Milwaukee. Timu ikashuka mpaka nafasi ya 6. Caruso alirudi, Lonzo hakucheza tena mpaka msimu wa 2024-25. Wawili walikuwa mfumo, mmoja alibaki kuwa mchezaji mzuri kwenye timu ya kawaida.

Kwa hiyo Bulls wakimuangalia Caruso Juni 2024 walikuwa wanamuangalia mtu wa miaka 30, mkataba umebaki mwaka mmoja wa kama dola milioni 9.9, timu haiendi popote naye. Kumuuza ilikuwa sawa. Kumuuza kwa kijana wa miaka 21 aliyekuwa piki ya 6 ya drafti ya 2021, anayeona pasi kabla ya watu, pia sio wazimu. Giddey msimu wake wa kwanza Chicago alipata pointi 14.6, ribaundi 8.1 na asisti 7.2, wakampa mkataba wa miaka 4 dola milioni 100. Kosa lao mimi naliona sehemu moja tu, upande wa pili kulikuwa na timu yenye shehena ya piki kuliko timu yoyote kwenye ligi, na ndiyo iliyokuwa na haraka, na Giddey alikuwa hana tena nafasi pale kila mtu anajua, halafu unatoka mezani bila hata piki moja. Milwaukee walipomtaka Jrue Holiday 2020 walitoa piki 3 za raundi ya kwanza na haki za kubadilishana piki juu yake. Boston walipomtaka huyohuyo Holiday 2023 walitoa piki 2 pamoja na Malcolm Brogdon na Robert Williams. Timu zote mbili zikabeba ubingwa msimu uleule wa kwanza. Bei ya mkabaji anayekamilisha timu ilikuwa inajulikana, risiti zilikuwa mezani.

Turudi Oklahoma City. Caruso alipofika alikuta Lu Dort, ambaye naye hakuchaguliwa kwenye drafti, kifua cha mcheza raga na hachoki. Kakuta Cason Wallace, Jalen Williams, Shai mwenyewe ambaye watu wanasahau kwamba mikono yake ni mirefu na anapora mipira, na nyuma yao Chet Holmgren anayefunika kikapu. Kiangazi hichohicho wakamuongeza Isaiah Hartenstein kwa miaka 3 na dola milioni 87. Sasa ule mchezo wa kumhamisha Caruso unaishia wapi? Ukimkwepa unamkuta Dort. Ukimkwepa Dort unamkuta Wallace. Ukiita skrini mara tatu mfululizo ili umpate mlaini, sekunde zimekwisha, ni sekunde 24 tu, na aliyekuja ni Jalen Williams.

Kuna kitu kingine ambacho kwenye namba hakionekani vizuri. Caruso anacheza kamari. Anaiacha kona yake hatua mbili, anamtishia mwenye mpira kwa mkono wa chini kana kwamba anaingia kusaidia, jamaa anasita, anashika mpira kwa mikono miwili, Caruso huyooo kesharudi kwa mtu wake. Au hakurudi, amenusa pasi inakwenda wapi akaikatiza. Kamari kama hii Chicago ilikuwa na gharama kubwa, ukikosea ni leyapu ya bure, mtupo rahisi chini ya kikapu. Oklahoma City ukikosea kuna Holmgren na mikono yake. Kwa hiyo mtu yuleyule anakuwa na uhuru wa kuwa mkorofi zaidi, na tanova anazozaa, yaani mipira wanayopoteza wapinzani, zinakwenda moja kwa moja kwa Shai anayekimbia upande wa pili. Difensi inalipwa mara mbili.

Msimu wenyewe wa 2024-25 ukimsoma Caruso kwenye karatasi utauliza huyu ndo nani. Mechi 54, dakika 19 na kidogo, pointi 7.1, pointi tatu zake zilishuka mpaka asilimia 35 kutoka karibu 41 ya mwaka uliopita Chicago. Hata tuzo za difensi hakuweza kufikiriwa maana ligi inataka mechi 65. Thunder walishinda 68-14 na wakaweka rekodi ya ligi ya tofauti ya pointi, 12.9 kwa mechi. Dort kikosi cha kwanza cha difensi, Jalen Williams cha pili. Na Desemba, msimu bado mbichi, Caruso hata hajafanya lolote la kuandikwa gazetini, Thunder wakampa nyongeza ya mkataba miaka 4 dola milioni 81.

Dola milioni 20 kwa mwaka kwa mtu wa benchi anayecheza dakika 19, atakayekuwa na miaka 31 mkataba ukianza. Ukigawa kwa pointi utalia. Ila dakika 19 zile zilikuwa za makusudi. Mtu wa aina hii anajirusha sakafuni, anagongana na skrini mara 30 usiku mmoja, mwili wake ni betri isiyochajiwa mara nyingi, na Thunder waliamua kutokuimaliza Januari.

Jibu likaja Mei 18, 2025, plei-ofu raundi ya pili, mechi ya 7 dhidi ya Denver, na hapa naomba tukae kidogo.

Nikola Jokic, senta wa Denver, ana futi 6 na inchi 11, uzito wa trekta, mchezaji bora wa kizazi chake kwa maoni yangu. Caruso ana futi 6 na inchi 5. Daigneault akampeleka Caruso amkabe Jokic. Ukisikia hivyo bila kuona utadhani kocha kachanganyikiwa, ila angalia alichokuwa anafanya. Hakusimama nyuma yake, ukisimama nyuma ya Jokic umeshakufa. Alisimama mbele yake, au ubavuni, kati yake na mpira, anamsukuma kiunoni kabla pasi haijatoka, Jokic ananyoosha mkono kuomba mpira na kuna kichwa chenye upara mbele ya mkono. Pasi ya juu inabaki ndo njia pekee, na ya juu ikipigwa Holmgren au Hartenstein anaingia kutoka upande wa pili maana yeye wamempa mtu asiyerusha vizuri kutoka nje. Ikipigwa chini inaporwa. Jokic akisogea nje kuupata mpira, vizuri, yuko mbali na kikapu na Caruso anafurahi kumkaba kule siku nzima maana huko ndo nyumbani kwake.

Jokic alimaliza na pointi 20, hakufikisha hata mitupo 10 ya uwanjani, na tanova 5. Thunder 125, Denver 93. Kwa dakika ambazo Caruso alikuwa uwanjani Thunder waliipita Denver kwa pointi 40. Kusema haki Denver walikuwa wamechoka, na Aaron Gordon alicheza na msuli wa paja uliochanika, sio kwamba Caruso kambeba Jokic mgongoni peke yake. Na mwanzo wa mechi Denver ndo waliokuwa mbele. Ila mpango wote ulisimama juu ya kitu kimoja, kwamba unaye gadi anayeweza kumkaba mtu anayemzidi nusu futi na hukuhitaji kumtoa mtu mwingine ili umuingize.

Na hukuhitaji kumficha ukiwa na mpira. Hii ndo tofauti yake na wakabaji wengi wa nje ambao ligi imewapitisha, wale wa kukaba tu, ambao ukifika Mei timu pinzani inawafanyia kilekile Dallas walichomfanyia Giddey. Fainali dhidi ya Indiana, mechi ya 2, Caruso katoka benchi kafunga pointi 20, Thunder wakasawazisha. Mechi ya 4, wako nyuma 2-1, ugenini, kafunga 20 tena na kapora mipira 5, wakashinda 111-104. Mtu wa pointi 7. Indiana walikuwa wanamwacha ili wamsaidie mwenzao kwa Shai, kama Dallas walivyofanya mwaka uliotangulia, tofauti ni kwamba huyu alikuwa anakata kwenda kikapuni au anarusha bila kufikiria mara mbili.

Mpinzani wa hoja yangu ataleta mechi ya 1 ya fainali hizohizo na ana haki. Thunder waliwalazimisha Indiana tanova 25, nyumbani, halafu wakafungwa 111-110, Tyrese Haliburton karusha ikabaki sekunde 0.3. Kupora mpira sio kufunga, tanova 25 na bado hukuweza kuwakimbia, maana yake ukiwa na mpira ulikuwa mbovu. Na mechi ya 7 Haliburton kachanika msuli wa kisigino robo ya kwanza akiwa tayari kafunga mitupo mitatu ya pointi tatu, Thunder wakashinda 103-91, yangekuwaje angebaki hatujui. Ubingwa huu ulikuwa na bahati ndani yake kama ubingwa wowote. Na ulikuwa na Shai ndani yake, MVP (mchezaji bora) wa ligi na wa fainali, pointi 32.7 kwa mechi msimu mzima. Asikudanganye mtu kwamba unaweza kuokota wakabaji watano na ukabeba kombe, nyota kwanza. Caruso kwenye timu isiyo na nyota tumeshamuona, ilikuwa 39-43.

Kwa hiyo swali la bei, mimi nalipanga hivi. Mkabaji wa kwanza wa nje kwenye timu mbovu thamani yake ni ndogo, mpe mtu wa kawaida mshahara wa kawaida. Mkabaji wa pili na wa tatu kwenye timu ambayo tayari ina nyota na ina mlinzi wa kikapu, huyo lipa, na ukiweza mlipe kabla Mei haijafika maana baada ya Mei wenzako wote watakuwa wamemuona. Hii ni kinyume na soko linavyokwenda, soko linapenda kumlipa wa kwanza kwa sababu ndo anayeonekana.

Baada ya ubingwa ugumu wa Thunder ukahamia ofisini. Julai 2025 walimpa Shai nyongeza ya miaka 4 dola milioni 285, Holmgren na Jalen Williams nao wakapata mikataba ya juu ya miaka 5. Ukijumlisha na kanuni za fedha za mkataba wa ligi wa 2023, zile zinazoifunga mikono timu ikipita kiwango cha pili cha matumizi, huwezi kubaki na Caruso, Dort na Wallace wote kwa muda mrefu. Mwaka wa mwisho wa mkataba wa Dort, 2026-27, ni chaguo la timu, yaani timu ndo inaamua kama aendelee. Wallace mkataba wake wa drafti unakwisha hukohuko. Watu wengi watamtaka Dort abaki kwa sababu ya tuzo na zile pointi tatu zake za asilimia 41 msimu wa ubingwa. Mimi ningemwacha Dort aende, kwa maumivu, nikamlipa Wallace, kijana, gharama ya chini, na ana ile miguu ya kukaba gadi mdogo na fowadi mrefu usiku mmoja. Caruso ningebaki naye mpaka magoti yagome, ila simpi zaidi ya dakika 20 kabla ya Aprili hata timu ikiwa inafungwa.